Mlango Uliochorwa na Herufi

Wenzake walimwita Herufi tangu shuleni, kwa sababu ya mwandiko, na utu uzima ulimkuta bado analo jina hilo. Hata mkewe alimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango: ya saluni, ya gereji, ya maduka ya dawa, ya yeyote aliyetaka watu wajue yuko wapi na anauza nini. Alianza kwa brashi na ngazi. Baadaye akajifunza kompyuta, akawa anabuni nembo akiwa amekaa, lakini ngazi hakukubali iondoke kibandani, ingawa kila aliyeingia alijigonga nayo.

Kibanda hicho kilipakana na cha mshonaji mmoja, mwanamke wa makamo aliyehamia nchi ile angali msichana. Lafudhi yake haikumtoka. Mpaka leo herufi "r" aliitafuna kwanza ndipo aitoe. Herufi alimwita Mama Cherehani, naye akamwita jirani. Kati yao ulikuwapo ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo walipiga soga kutwa bila kuonana sura.

Kazi ya mlango aliletewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, binti aliyeandika programu za kompyuta. Mbali na ajira yake, binti huyo alijitolea katika jumuiya ya watu wa nchi nyingi, wengi wao hawajawahi kukutana, waliotengeneza programu ya kusimamia maktaba ndogo za shule.

"Ni programu huria, shemeji," alimweleza. "Kila mtu anaruhusiwa kuona ilivyotengenezwa, kuichukua, kuibadilisha, kuitumia apendavyo. Haiombewi ruhusa."

"Na mwizi je?"

"Mwizi ataiba nini, na kitu kimeshagawiwa?"

Herufi akacheka sana. Alilipenda jibu hilo, akalirudia kwa wateja wiki nzima.

Jumuiya ilikuwa imejiandikia misingi yake: hakuna atakayeulizwa katoka wapi, anaabudu nini, ana digrii ama hana; asiyeona na asiyesikia watatengenezewa njia kama wengine. Sasa walitaka nembo ya kuyasema hayo hata kwa asiyejua kusoma. Herufi akachora mikono iliyoshikana, akaona inafanana na ugomvi. Akachora kitabu, kikawa tangazo la duka la madaftari. Ndipo akachora mlango ulioachwa wazi kidogo, na mwanga ukipenya. Akaupeleka upande wa pili wa mbao.

Mama Cherehani aliutazama, pini zikiwa mdomoni. "Jirani, huu mlango unachungulia," alisema. "Mgeni akifunguliwa hivi anajua ameonekana, ila hajakaribishwa. Ufungue wote, ulale ukutani."

Akaufungua wote. Hapo mchoro ukakaa sawa, kwa mistari michache tu. Kwa kuwa shule nyingi hazikuwa na uwezo wa kuchapisha mabango, alitengeneza na kiolezo: unakata katoni, unaibandika ukutani, unapitisha rangi yoyote uliyonayo, mlango unatokea. Mtoto angeweza. Vyote vikawekwa mtandaoni chini ya leseni ileile ya programu, kila mtu achukue.

Zikaanza kuja picha. Mlango wa buluu kwenye ukuta wa udongo, mlango mwekundu kwenye boksi la vitabu, mlango uliopinda aliouchora mwalimu fulani wa mbali. Herufi alizionyesha kwa mkewe, kwa wateja, kwa mtu aliyekuja tu kuuliza njia. Mkewe akasema siku hizi mumewe anatembea kama aliyejenga shule zote hizo kwa matofali yake.

Kisha mambo yakawa magumu mjini. Viwanda vilifungwa, vijana wakashinda vibarazani, na wakatokea watu wa kuwaambia kwamba kazi zao zimechukuliwa na wageni. Kundi moja likajiita Nyumba Yetu. Herufi alilisikia kama anavyosikia habari nyingine, mpaka siku alipotoka kununua gundi akakutana na kijana aliyevaa fulana nyeupe. Kifuani palikuwa na mlango, na chini yake maneno: MLANGO ULE PALE.

Alisimama njiani, mtu wa mkokoteni akampigia kelele apishe. Ulikuwa mlango wake. Aliijua ile bawaba ya chini, aliyoishusha kidogo ili mchoro usiyumbe.

Alimpigia shemeji simu papo hapo. "Wametuibia nembo!"

"Nimeshaona," shemeji alisema. "Hawajaiba. Leseni inawaruhusu."

"Basi ibadilisheni hiyo leseni!"

"Kwa kazi zijazo tunaweza. Iliyokwisha kutolewa haturudishi, shemeji. Ndivyo tulivyoiandika. Tuliogopa asije mtu siku moja akawanyang'anya watoto kile tulichowapa."

Baada ya muda kuta za mtaa zilijaa mlango huo. Kiolezo kilifanya kazi vizuri mno. Nyumba Yetu waliuweka kwenye nyumba walizokaa wageni, kwenye mabanda yao sokoni, na aliyewekewa alielewa anaambiwa nini. Siku moja Herufi alisikia rangi ya kopo ikipulizwa nje ya kibanda cha jirani yake. Akatoka mbio, brashi mkononi. Vijana watatu, na katoni.

"Nyinyi! Mimi ndiye niliyeuchora huo mlango!"

Alitarajia matusi. Kijana aliyeshika kopo akalificha nyuma, akainamisha kichwa. "Shikamoo mzee. Kweli ni wewe? Jamani, ndiye mwenyewe huyu!"

Wakamzunguka, wakampa mikono. Mmoja alimwambia hajapata kuona nembo inayosema ukweli kama ile.

"Sikilizeni, wanangu," Herufi alisema. "Huu ni mlango wa kukaribisha watu."

"Ndiyo, mzee," kijana akamjibu kwa adabu. "Tunawakaribisha watoke."

Wakacheka, bila chuki usoni, kama watu waliotaniana na baba yao. Kabla hajajitoa kati yao, mmoja alikwisha kumwekea mkono begani, mwingine kanyanyua simu. Picha ikapigwa. Wakaaga vizuri. Ukutani mlango ulibaki unachuruzika.

Alichukua tambara na tina ya kuondolea rangi, akasugua. Rangi ilitanda ikawa doa kubwa jeusi, na katikati ya doa mlango bado ulionekana. Alipoingia ndani, cherehani upande wa pili ilikuwa kimya.

"Mama Cherehani," aliita. "Nimejaribu kuwaeleza."

Sauti yake ikaja, ya chini. "Nimeiona picha, jirani. Mwanangu kaniletea kwenye simu. Umetoka vizuri."

Herufi aliweka kiganja kwenye mbao. Angeapa, lakini aape nini? Picha ilikuwa yeye, na brashi ilikuwa yake.

Jumuiya ikaitisha mkutano mtandaoni. Nyuso zilijaa kwenye kioo cha kompyuta, wengine kwao ni asubuhi, wengine wamevaa makoti, na mkalimani wa lugha ya alama pembeni. Wote walikuwa watu wema. Walimpa pole, wakaandika tamko la kuwakana Nyumba Yetu, wakalitafsiri kwa lugha nyingi. Mwanamume mmoja wa mbali, mpole kabisa, akauliza, "Mwenzetu, ulipokuwa unachora, hukuwaza kwamba mlango uliofunguliwa ni wa kutokea pia?"

"Sikuwaza," Herufi alisema.

Wakapiga kura nembo isitumike tena. Mpya ikawa duara lenye herufi mbili ndani yake, kitu ambacho hakingeweza kumkaribisha wala kumfukuza mtu. Wakampigia makofi kumshukuru, ila vipaza sauti vyao vilikuwa vimezimwa, kwa hiyo aliona mikono tu. Tamko lilisomwa na wanajumuiya. Vijana wa mtaani hawakujua hata kama jumuiya hiyo ipo.

Mama Cherehani alihama mchana, watu wakipita. Herufi alimsaidia kupakia, hilo hakumkatalia. Walibeba cherehani pamoja, yeye mbele, Herufi nyuma, hadi kwenye gari.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Kwa dada yangu, kwanza. Halafu tutaona."

"Haya mambo yatapita, mama."

"Labda," alisema. Alimshika mkono, akauachia. "Mimi ndiye niliyekwambia uufungue wote, jirani. Usijibebeshe peke yako." Hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja, muuza sufuria wa kona ya pili, anataka bango jipya. Walikubaliana rangi na ukubwa wa maandishi. Kisha mama huyo akachungulia nje, akasogeza kiti.

"Na ule mlango, fundi. Niwekee pale juu."

"Ule sichori tena, mama."

"Mama yangu mzazi alitoka ng'ambo ya mpaka. Vijana wa Nyumba Yetu bado hawajajua. Wenyeji wameanza kuuweka wenyewe kwenye mabango yao, kuonyesha wako nao. Wakiuona kwenye bango langu watapita." Alimtazama usoni. "Nina watoto mle ndani. Tafadhali, baba."

Herufi alimwambia akachore kwa kiolezo, kipo mtandaoni, bure. Mama akasema kiolezo anacho kila mtu. Uliochorwa na mwenyewe ndio utakaoheshimiwa. Hakulia wala hakubembeleza tena. Alingoja tu.

Herufi alikwenda kesho yake na ngazi. Aliandika jina la duka, akachora sufuria mbili, akahamia kona ya juu. Alifikiria kuupindisha mstari, kuikosea bawaba, lakini mlango mbovu ungemsaidia nani? Mkono ulikwenda wenyewe. Chini, watoto wa mama yule walikuwa wamesimama wakitazama, na mdogo akauliza mle ndani ya mlango kuna nini. Mama yao akamwambia anyamaze, asimsumbue fundi, rangi bado mbichi.