Awuor, Mchoraji wa Sebule za Huruma

Saa tatu asubuhi, Awuor Otiende amepanda juu ya meza, misumari mdomoni, anatundika sebule za majirani zake ukutani. Chini, watu wa Eldoret wanaanza kuingia ukumbini na matope yao, maana usiku mvua ilinyesha kweli kweli.

Ni maonyesho ya sanaa ya mwaka huu wa 1986, na ukuta mmoja mzima ni wake. Hakuna simba hapo, wala twiga. Kuna makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kama bibi harusi, chupa za chai juu ya kabati la vioo na, katika kila picha, juu kabisa, picha ya Rais.

"Hiyo siwezi sahau," anasema akitoa misumari mdomoni. "Nani anataka maneno?"

Awuor, mwenye umri wa miaka 44, huchora mabango ya maduka. Majina ya bucha na vinyozi wengi mtaani Huruma yametoka mkononi mwake. Rangi inayobaki huitumia Jumapili, akichora sebule za watu kwenye vipande vya hadibodi.

Kwa nini sebule? "Makochi yataisha, hizi nyumba zitabomolewa," anasema. "Mtoto wa mtoto wangu atajuaje sisi tulipenda nini?"

Mwandishi wa makala haya aliliandika jibu hilo mara mbili, lisije likampotea.

Lakini ukuta huu nusura uwe na pengo katikati. Mwezi uliopita Awuor alimwomba Rukia Mohamed, mwenye duka la nguo, amruhusu achore sebule yake iwe picha kubwa kuliko zote. Rukia, ambaye majirani humwita Mama Ismail, alikubali ila akaomba muda wa kujitayarisha. Awuor alipofika alikuta makochi mekundu, vitambaa vyeupe, meza ya kioo, kila kitu kinang'aa. Akachora mpaka akamaliza, roho yake kwatu.

Kumbe makochi yalikuwa ya kuazima. Mwenyewe ni Nduta, muuza viazi wa nyumba ya pili. Huruma yote huazimana viti vya wageni na hakuna aonaye haya. Ila kuviazima vichorwe, hilo lilikuwa jipya. Nduta alipokwenda kuitazama picha akavitambua vitambaa alivyofuma mwenyewe, na chini yake pameandikwa: Nyumbani kwa Rukia.

"Viti si neno," Nduta anaeleza. "Lakini kile kitambaa cha katikati nilikifuma nikimlilia mama yangu. Nikakiona kimepewa jina la mtu mwingine."

Aliyasema mbele za watu. Rukia akaingia ndani, akafunga mlango, akatuma neno kwamba picha hiyo ifutwe na asichorwe tena kamwe. Awuor akaifuta. Alibaki na hadibodi tupu, maonyesho yakibisha hodi, na hofu ya kuaibika mbele ya mji mzima.

Aliyefungua ule mlango ni Nduta yule yule. Alikwenda na wanawe kuchukua makochi yake. Yalipotolewa, Rukia akatandika tena vitu vyake: mkeka wa rangi, mito ya kuegemea, chetezo cha udi, sinia ya chai ya tangawizi. Ukali na ukarimu ni vitu viwili, kwa hiyo akamkaribisha Nduta kikombe kimoja. Nduta akakaa mpaka jioni.

"Mama Ismail," alimwambia, "viti vyangu ni vya wageni, hata watoto nawafukuza. Mimi mwenyewe nakaa jikoni, kwa kigoda. Hapa kwako nimenyoosha miguu. Hii ndiyo ichorwe."

Kesho yake Rukia akamwita Awuor. Picha imetundikwa leo pembe zake zikiwa bado mbichi.

Saa nne ukumbi umejaa, na msongamano mkubwa uko mbele ya picha ya ule mkeka. Bwana mmoja mwenye tai, mkazi wa Elgon View, mtaa wa matajiri, kwa kujitangaza mwenyewe, anasogea karibu mno.

"Vua viatu kwanza," Rukia anamwambia taratibu. "Hapo ni kwangu."

Watu wanacheka. Bwana anatazama matope miguuni pake, anainama, anavivua. Rukia hacheki. Amesimama wima na machozi yanamtoka wazi, ya furaha na ya fahari. Awuor naye analia. Mwandishi wa makala haya anasingizia mafua.

Mwakani Awuor anataka ukumbi mzima. Maombi yameanza kumiminika, na wa kwanza ni Nduta. Hataki makochi yachorwe. Anataka jikoni kwake, jiko la makaa, masufuria yenye masizi na kigoda chake.

"Amenipa amri moja tu," Awuor anasema. "Nisimwambie siku ninayokuja."