Fundi wa Jabe anayewapima watu walioitwa hewa

Saa mbili asubuhi, mtaani Jabe, Mwanvua Saidi anampima mteja ambaye hatamshonea nguo.

Mteja mwenyewe, Libère, kuli wa zamani wa bandari ya Bujumbura, amesimama katikati ya kibanda cha ushonaji, mikono pembeni, macho mbele kama mtoto anayepigwa picha ya komunyo. Mwanvua anapitisha utepe mabegani mwake, kisha kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, kulia halafu kushoto. Kila kipimo anakitaja kwa sauti. Kwenye kigoda karibu na cherehani, mwanamke kijana mwenye kompyuta mapajani anaandika.

"Mabega arobaini na saba. Mukono wa kuume unapita mwingine nusu," anasema Mwanvua, kisha anafungua daftari kuukuu lililofungwa kwa mpira. Kidole chake kinashuka polepole, kinasimama. "Njo huyu! Huyu ni Ndizi Mbili."

Libère anacheka mpaka anashika ukuta. "Ndizi Mbili? Njo jina ulinipatiaka miaka yote?"

"Ulikuwa unakujaka na ndizi mbili mu mufuko. We ulitaka nikuite nani?"

Mwanamke wa kompyuta, Adélaïde, anasubiri vicheko viishe. Anaandika jina halali la Libère, namba yake ya kazi, tarehe ya leo. Baada ya miaka minne ya kuhangaika, Libère sasa ni mtu tena mbele ya sheria.

Mwanvua ana miaka hamsini na tisa. Ni mama wa mabinti wawili, mkubwa wao Assia, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Assia. Ameshona Jabe tangu akiwa msichana, kwa cherehani moja ya miguu ambayo hakubali mtu mwingine aiguse. Siku nzuri huingiza faranga elfu ishirini. Siku mbaya hurudi nyumbani na za chumvi na mkaa tu.

Kwa miaka kumi na mbili, kazi yake kubwa ilikuwa ovaroli, mwenyewe anaziita salopeti, za makuli wa SODEMAZI, kampuni iliyopakua na kuhifadhi mizigo bandarini. Kampuni ilileta kitambaa, yeye alishona kwa faranga elfu nane kila moja. Fedha hizo zilimsomesha Assia hadi chuo cha uuguzi, na hilo halisemi kwa sauti ndogo.

Mwaka 2022 kampuni ilianguka. Benki ilikuja kudai mkopo, ikakuta ghala ziko tupu na vitabu vya hesabu vimejaa. Vilionyesha wafanyakazi mia nne kumi na wawili, wote wakilipwa mishahara, wakipewa viatu, wakishonewa nguo. Mahakama ilimteua mfilisi wa kukusanya mali iliyobaki na kuwalipa wanaostahili. Wakubwa watatu bado wanasubiri kesi.

Ofisi ya mfilisi ndiko anakofanya kazi Adélaïde, mhasibu wa miaka thelathini na mmoja. Alikabidhiwa mafaili mia nne kumi na mawili na agizo moja: atafute nani alikuwa mtu na nani alikuwa hewa. Kompyuta za kampuni zilikuwa zimefutwa. Kadi za kazi zilikusanywa siku ya mwisho, hazikuonekana tena. Jina lisilo na ushahidi lingekatwa, na anayekatwa hapati mafao.

"Kilichoniumiza ni kwamba watu wa kweli walikuwa wamezikwa katikati ya majina ya uongo," anasema Adélaïde. "Kuli anakuja ofisini, ananyoosha viganja vyake anionyeshe sugu. Nami namwambia, baba, sugu haina namba."

Alifuata karatasi moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye risiti za nguo. Zote zilikuwa na saini ya Mwanvua.

Mwanvua anaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko anavyotaka. Adélaïde aliingia, bado mgeni kwake, akamuuliza kwa adabu kama ni kweli alikuwa akishona ovaroli mia nne kumi na mbili kila mwaka.

"Nilicheka," anasema. "Nikamwambia, mwana wangu, na mashini moja? Mi nilishonaka mia moja na makumi nane na saba. Njo akanionyesha fakitire, zile risiti. Nikaona mukono wangu. Sikucheka tena."

Kila mwaka mtunza stoo wa kampuni alimletea kitabu cha risiti ambazo hazijajazwa. Alimwambia atie saini tu, mengine watajaza ofisini. Wenye vibanda wengi mtaani walifanya hivyo. Lilikuwa jambo la kuokoa muda, na nani angemkatalia mtu anayekuletea kazi ya mwaka mzima?

"Nilisinya watu wenye hawako," anasema, na hapa anaacha kushona. "Wallahi, sikuiba hata faranga moja. Lakini walipitia kwa mukono wangu. Usiku nilikuwa nawaona wale watu mia mbili na kitu, hawana sura, wanangoja nguo."

Alihojiwa mara tatu. Jirani mmoja alimshauri achome daftari lake la vipimo ili lisije likamponza zaidi. Mwanvua aliliweka chini ya godoro siku mbili. Siku ya tatu alilifunga kwenye kanga, akalipeleka mwenyewe ofisini kwa Adélaïde.

Ndani yake kulikuwa na kila kuli aliyewahi kupimwa. Mtu hewa hana kifua, hana mapaja, na hawezi kusimama kibandani akilalamika kwamba suruali ya mwaka jana ilimbana. Adélaïde alilifungua, akaanza kuhesabu watu.

Kisha akaona tatizo. Daftari halikuwa na jina hata moja.

Mwanvua alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na majina marefu ya Kifaransa yalimshinda. "Herménégilde!" anasema, akirusha mikono juu. "Jina moja linamaliza wino wote. Nilikuwa naandika vile ninamuona mutu." Kwa hiyo wamo Ndizi Mbili, Kikohozi, Mzee Kijana, Shingo, Bega. Kampuni ilimpa namba za kushona ndani ya kola, lakini karatasi ya namba ilirudi ofisini kila mwaka pamoja na nguo.

Ndipo kazi hii ya Jumamosi ilipoanza. Makuli wa zamani huja kutoka Kinama, kutoka Buyenzi, wengine kutoka mashambani walikorudi kulima. Mwanvua huwapima upya, hulinganisha na daftari, kisha hutaja jina alilowapa. Tumbo hubadilika, anasema, lakini mifupa ya mtu mzima hukaa ilipo. Halipwi kitu. Wakati mwingine hununua maandazi ya wageni wake kwa fedha za mfuko wake.

Hadi sasa amewatambua watu mia moja sitini na watatu. Wawili alioletewa aliwakataa hapohapo. "Wale sikuwahi kuwashika mabega," anasema, na hataki kueleza zaidi.

Lakini kuna mmoja ambaye asingeweza kumpima.

Februari mwaka huu, wiki mbili kabla ya orodha ya kwanza kufungwa, mwanamke anayeitwa Epiphanie alifika kibandani akiwa na binti yake, Christa. Ni mjane wa Herménégilde, kuli aliyefanya kazi SODEMAZI miaka minane, akafariki Aprili 2019.

Vitabu vya kampuni havikumruhusu afe. Viliendelea kumlipa mshahara, kumpa viatu na kumshonea ovaroli mpaka 2022, saini ikiwa safi kabisa. Mfilisi alipoona cheti cha kifo na malipo yaliyofuata, jina zima lilitupwa upande wa hewa, pamoja na ile miaka minane ya jasho. Orodha ilibandikwa mlangoni pa ofisi ya mfilisi. Mwanafunzi mwenzake Christa aliisoma, na shuleni neno likaenea.

"Walimwambia mutoto wangu, baba yako ni hewa," anasimulia Epiphanie. "Nikamwambia, Mama Assia, mi huyu mutu nimezala naye watoto watatu. Hewa inazala?"

Mwanvua anasema alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akafanya vyote viwili. Epiphanie hakuja kuulizia fedha siku hiyo. Alitaka jina litolewe kwenye ule mlango.

"Nilimwambia, mama Christa, wazima nawapima. Marehemu nitampima na nini?"

Alifungua daftari hata hivyo. Herménégilde alikuwamo, hilo halikuwa na shaka, chini ya jina la Bega. Alizoea kubeba saruji upande mmoja tu, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka sentimita mbili. Mwanvua alimkatia nguo kwa kufuata bega hilo ili kola isimkae upande. Wakati wa kupimwa alikuwa akivuta pumzi na kuizuia, kifua kionekane kipana.

"Namwambia, pumua bwana, salopeti aivaliwake na pumzi! Anakataa. Anasimama vile mpaka namaliza."

Kipimo cha mwisho ni cha Februari 2019. Kifua kilikuwa kimetoka mia moja na nne hadi tisini na tatu. Mwanvua alimuuliza kulikoni, akajibiwa kwamba ni malaria tu. Siku hiyo, anasema, Herménégilde hakuzuia pumzi.

Adélaïde, aliyekuwapo kwenye kigoda chake, alisikiliza yote hayo na bado akatikisa kichwa. Mahakama haimjui mtu anayeitwa Bega. Kwa walio hai, mwili ulithibitisha daftari. Kwa huyu hakukuwa na mwili.

Epiphanie alimshika Christa mkono, wakaanza kutoka. Mlango wa kibanda ni mbovu, lazima uuvute ndani kwanza ndipo upite. Christa alipouvuta, nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango zilianguka, na Mwanvua akainama kuziokota.

"Nilibaki chini," anasema. "Niliona moja yenye nilikuwa nimesahau."

Miongoni mwazo ilikuwamo ovaroli ya buluu, imefifia mikunjoni, haijavaliwa hata siku moja. Ilikuwa imekamilika wiki ileile aliyofariki Herménégilde. Mwanvua alikwenda msibani na hakuwa na moyo wa kumwambia mjane kuhusu nguo. Aliporudi aliitundika msumarini. Mtunza stoo hakuja kuiulizia, kwa sababu kwenye karatasi zake ilikuwa imeshapokewa. Miaka saba ikapita, kitu kikining'inia juu ya kitu kingine.

Aligeuza kola. Namba 096, kwa uzi mweupe. Adélaïde alitafuta kwenye kompyuta yake, akaigeuza ili Epiphanie asome mwenyewe. Namba 096 ilikuwa ya Herménégilde.

Jumatatu yake wanawake hao walikutana ofisini kwa mfilisi. Ovaroli ilitandazwa juu ya meza. Mwanvua aliipima mbele ya mashahidi kama ambavyo angempima mtu, na Adélaïde akasoma daftari, mstari kwa mstari. Mkono ulilingana. Mguu ulilingana. Bega la kushoto lilikuwa chini kwa sentimita mbili. Na kwa kuwa nguo haikuwahi kutoka kibandani, zile saini za kuipokea, na za miaka iliyofuata, zilijulikana kuwa za mtu mwingine.

"Nimesoma vitabu vingi vya ukaguzi," anasema Adélaïde. "Hakuna kilichonifundisha kupima nguo ya marehemu. Nilikuwa naandika huku machozi yananidondokea, nikajifanya ni mafua."

Machi, orodha mpya ilibandikwa mlangoni. Jina la Herménégilde limo upande wa wafanyakazi halisi, na mbele yake imeandikwa: alifanya kazi 2011 hadi 2019. Christa alilipiga picha kwa simu, akaipeleka shuleni. Fedha zenyewe bado, zinasubiri ghala la kampuni liuzwe, na Epiphanie hajidanganyi kwamba itakuwa kesho.

Ovaroli imebaki mahakamani kama kielelezo mpaka kesi ya wakubwa iishe. Ilipochukuliwa, Mwanvua alipewa karatasi ya kutia saini. Aliisoma kuanzia juu mpaka chini, kidole kikifuata kila neno, ofisi nzima ikimsubiri. Sehemu ya tarehe ilikuwa wazi. Aliirudisha.

"Jaza kwanza, mwana wangu," alimwambia Adélaïde. "Kisha nasinya."

Wamebaki watu ishirini na wanne wa kutambuliwa. Mwanvua anasema hatapumzika Jumamosi mpaka wa mwisho apatikane, awe hai au marehemu, na amekwisha kuwatuma watu watafute kwenye masanduku ya wajane nguo zozote zilizobaki.

Makuli arobaini wa zamani nao wameunda ushirika wao bandarini, na wamemwomba awashonee. Amekubali, kwa daftari jipya. Safari hii majina yataandikwa kamili, na Christa amejitolea kuyaandika yale marefu.

Epiphanie yumo katika ushirika huo. Anashona magunia yaliyochanika kabla hayajapakiwa tena. Alipoulizwa kipimo chake, alikataa ovaroli mpya. Alisema atangoja ile ya mume wake irudi kutoka mahakamani, aivae yeye kazini.

Mwanvua amekwisha kumpima. Ni mfupi kuliko mumewe kwa kichwa kizima, mwembamba, kazi itakuwa kubwa.

"Miguu nitakata. Mikono nitapunguza. Kifua nitaingiza huku na huku," anasema, akikunja utepe wake taratibu kwenye vidole. "Lakini lile bega la kushoto, apana. Lile nitaliacha vile liko."