Mwongoza Farasi Asiyenyamaza

Mwongoza farasi wetu mdomo wake hauna breki. Huongea na farasi wake jike, mzee kama yeye, utadhani ni mke wake wa miaka mingi: goti limeanza tena, jirani kafuga jogoo asiyejua saa, nyasi za mwaka huu ni makapi matupu. Aliyekaa juu ya tandiko hamsemeshi wala hamgeukii. Hujikuna mgongo kwa kamba ya kuongozea na kungoja, maana farasi wake haondoki mpaka mpandaji mwenyewe atoe ishara, iwe kugusa shingo, kupiga kisigino, hata kukohoa. Waongozaji wengine wakichoka kungoja huvuta. Yeye hupiga soga.

Mdogo wangu, mtu mzima ambaye tangu aumie kichwa hajatamka neno, amekuwa akija hapa kwa tiba ya kupanda farasi, na kukaa tu juu ya farasi aliyesimama. Juzi uvumilivu ulinishinda. "Kaka, si umvute tu?"

"Nimvute aende wapi, dada? Mwenye safari hajasema." Akarudi kwenye habari za jogoo.

Leo mwongozaji alikuwa amefika kwenye habari za goti, sauti ikatoka juu ya tandiko, nzito, ya kukwaruza: "Nyamaza. Twende."

Akafumba mdomo. Akamzungusha farasi uwanja mzima bila neno, kifua mbele kama aliyevishwa nishani, nami nikiwafuata kando ya ua wa mbao. Mdogo wangu aliposhushwa, mwongozaji akamwinamia farasi sikioni.

"Umesikia, bibie? Tumefokewa!"