Matairi manne ya mashindano, mgao wa usawa, na kona ya mwisho wa lami Tabora

Wakuu, habari za mihangaiko. Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili la magari kwa muda mrefu. Jana nimeona uzi wa kijana mwenye kigari cha milango miwili, amekishusha mpaka kinaburuza tumbo kwenye matuta. Anauliza kama anaweza kufunga tairi mbili mpya za mashindano mbele, halafu nyuma aache vipara mpaka mambo yakae sawa.

Wakuu kibao wakamjibu "piga kazi mkuu".

Nikashindwa kunyamaza. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na mahali nilipofanya ujinga nitasema hapa nilifanya ujinga. Majina nimebadilisha kwa sababu baadhi ya wahusika wana wajukuu humu ndani.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali pale Tabora mjini. Nyumbani Ipuli. Nilikuwa dereva wa muda, yaani siku yoyote wakiamka vibaya unarudishwa kijijini kulima tumbaku.

Nilitaka kuthibitishwa kazini kwa sababu moja tu. Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa binti wa Mzee Hamisi, fundi cherehani mwenye kibaraza chake karibu na soko. Mzee alikuwa mpole, anacheka na kila mteja, lakini kwa habari ya binti yake hakuwa na utani. Nilipotuma wazee wangu kwenda kuposa aliwajibu hivi: "Kijana simchukii. Akithibitishwa aje na barua yake, tutazungumza."

Basi maisha yangu yote yakawa yanasubiri karatasi moja yenye mhuri.

Na karatasi hiyo ilikuwa inasainiwa na Ndugu Mwenyekiti. Nasema Mwenyekiti kwa sababu ndivyo tulivyomwita, maana hapakuwa na kamati ambayo hakuwa mwenyekiti wake. Kamati ya usafiri, kamati ya ugawaji, kamati ya sherehe. Ilipoonekana kamati zimezidi, iliundwa kamati ya kupunguza kamati, na yeye akachaguliwa kuiongoza.

Sasa tuje kwenye gari.

Palikuwa na mtaalamu mmoja wa tumbaku kutoka Ulaya, alikaa Tabora miaka miwili. Alikuja na kigari chake kidogo cha rangi ya chungwa, injini mbele, kinasukuma nyuma, kepesi, kina hasira. Kampuni siitaji, nawajua humu mtaacha kusoma muanze kubishana. Kwao alikuwa akishindana nacho.

Jioni siku ambazo hakuna ndege alikuwa ananichukua mpaka kiwanjani kunifundisha kula kona. Siku moja alishuka, akaweka kiganja chake chini, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Gari yote inashika barabara kwa hii. Kiganja moja kila tairi. Kiganja nne. Zikigombana, wewe kwisha."

Akanieleza kwamba tairi za mashindano, radial, zina mpira laini na ubavu unaokubali kulala kwenye kona bila kuachia. Tairi zetu za wakati ule zilikuwa za nyuzi za kukatizana, ngumu, zikifika mwisho wa uwezo zinaachia bila hodi. Ukizichanganya kwenye gari moja umefunga ndoa ya paka na kuku. Unaweka zote nne za aina moja, au unaacha.

Nilielewa, wakuu. Naomba mliweke hilo kichwani. Nilielewa vizuri sana.

Mkataba wake ukaisha, akaondoka, kigari akaiachia ofisi. Miezi kadhaa baadaye treni ikaleta mzigo wake aliokuwa ameagiza: matairi manne mapya ya mashindano, mapana, meusi ti, bado yana vinyweleo vya kiwandani.

Enzi hizo tairi jipya lilikuwa habari ya mjini. Watu walikuja ofisini kunusa tu. Nawaambia kweli, mhasibu aliinama akanusa, akafumba macho.

Kigari chenyewe kilikuwa kimebakia na vipara vinne. Mtu mwenye akili ya kawaida angesema haya manne ni ya kile, funga, kazi iendelee.

Lakini sisi tulikuwa na kamati ya ugawaji.

Kikao kikaitishwa. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa kuwashirikisha wafanyakazi, na mimi dereva nikaitwa. Mwenyekiti akasimama, akarekebisha kola ya suti yake ya mikono mifupi.

"Ndugu wajumbe, tuna matairi manne. Tuna idara nne. Hesabu inajieleza yenyewe."

Makofi.

Mjumbe wa Elimu ya Watu Wazima, mwalimu mmoja mnyenyekevu sana, akanyoosha kidole. "Ndugu Mwenyekiti, sisi idara yetu ina baiskeli."

"Usawa hauangalii chombo, ndugu," akajibiwa. Makofi tena. Mwalimu mwenyewe alipiga.

Halafu Mwenyekiti akanigeukia. "Dereva wetu, wewe ndiye mtaalamu humu. Tukilibakiza moja kwenye kile kigari na mengine yakaenda kwa wenzetu, kuna tatizo?"

Wakuu, nilikuwa na jibu. Kiganja kile niliendelea kukiona kwenye lami. Lakini niliiona pia kalamu kwenye mfuko wa suti yake, kalamu ile ile ambayo ingesaini barua yangu, na nyuma ya kalamu nikamuona Mwanaidi.

Nikasema, "Hakuna tatizo, Ndugu Mwenyekiti. Naunga mkono hoja."

Ikapigwa kura. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

Naendelea, nilikwenda kuswali adhuhuri. Naona kuna anayeuliza matairi yale mengine yalikwenda wapi.

La Kilimo halikuingia kwenye landrova yao, wakalifunga nyuma kama pambo, wakawa wanaliosha kila Jumamosi. La Ujenzi lilining'inizwa mbele ya lori lao kuzuia ng'ombe. La Elimu ya Watu Wazima likalazwa chini darasani, wanakisomo watatu wakawa wanalikalia. Nimewahi kulikalia mimi mwenyewe, lina raha yake.

La kwetu likafungwa mbele kulia. Fundi wa gereji alipomaliza kukaza nati akakiangalia kigari, akasema, "Mguu mmoja umevaa kiatu, mitatu iko pekupeku." Akaenda zake kunywa chai.

Ndani ya siku mbili nilikuwa nimeshakijua kigari kinataka nini. Kona ya kulia kilikuwa kizito, kinataka kwenda moja kwa moja, kwa sababu uzito unaangukia kipara cha kushoto. Kona ya kushoto ndiyo ilikuwa balaa. Uzito unahamia kulia, lile tairi jipya linang'ata lami kwa nguvu zake zote, mdomo unaingia kwenye kona vizuri ajabu, halafu nyuma vipara haviwezi kufuata. Mkia unataka kutangulia. Ukigusa breki gari linavutwa kulia.

Grip ikizidi sehemu moja nayo ni ugonjwa. Vijana hamtaki kusikia hili.

Sikumwambia mtu. Nikawa naendesha polepole, nasifiwa kwamba nimekuwa dereva mwenye adabu.

Ikaja siku ya ufunguzi wa ghala la kijiji cha ujamaa kule njia ya Ntalikwa. Mgeni mkubwa anakuja. Kamati ya sherehe ilikuwa imempa Mzee Hamisi kazi ya kushona vitambaa vya jukwaa, na asubuhi ile pindo zilikuwa bado. Nikaagizwa nimchukue yeye na vitambaa vyake, amalizie huko huko.

Mzee akatoka na cherehani yake ya mkono, ile ya kuzungusha kwa mpini. Nikamwambia tuiweke nyuma. Akakataa, nyuma itagongwagongwa. Akaipakata mapajani, akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili gari zima?"

"Zima kabisa mzee. Lina tairi la Ulaya."

Akacheka. "Basi twende kiungwana."

Tungekwenda kiungwana kama si Mwenyekiti. Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, anaonyesha saa yake. "Dereva! Mgeni akifika jukwaa liko tupu, usirudi hapa!"

Nikakanyaga mafuta.

Wanaoijua Tabora ya wakati ule wanajua lami ilikuwa na mwisho wake. Kabla ya kuingia vumbini palikuwa na kona moja ya kushoto, imeinama kidogo, siyo kali. Polepole unaipita huku unaongea. Mimi niliifikia kwa mwendo wa mtu anayetafuta barua.

Mdomo ukaingia. Uliingia vizuri kuliko nilivyoomba. Halafu nikasikia nyuma imekuwa nyepesi, kama kiti kimeondolewa chini yangu. Nikazungusha stelingi kinyume, nikachelewa. Tukageuka tukawa tunaangalia Tabora mjini, huku bado tunakwenda Ntalikwa, kinyumenyume, mpaka kichuguu kilipotupokea.

Vumbi. Vitambaa vya sherehe kila mahali, kimoja kimenifunika uso.

Nikaanza kupiga kelele, wakuu, bila kujua nasema nini. "Nilijua mzee! Wallahi nilijua! Matairi haya hayafungwi hivi, nilijua toka kikaoni!"

Nikamgeukia Mzee Hamisi. Cherehani ilikuwa imeruka na kumwangukia mkononi. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anautazama. Dole gumba lilikuwa limekaa upande ambao dole gumba halikai.

Hospitali walifanya walichoweza. Dole lile halikukunjika tena. Fundi cherehani asiyekunja dole gumba hashiki mkasi. Naandika sentensi hii mara ya tatu, mbili nimefuta.

Kamati ya uchunguzi ikaundwa. Mwenyekiti mnamjua.

Mzee Hamisi aliletwa kama shahidi, mkono umefungwa shingoni, akakalishwa benchi la nyuma. Hawakumuuliza kitu kwa sababu hakuwa mtumishi. Mimi niliulizwa swali moja. "Ndugu dereva, matairi yalikuwa na kasoro?"

Nilihisi macho ya mzee kisogoni.

"Hayakuwa na kasoro, Ndugu Mwenyekiti."

Ripoti ilikuwa nzuri sana. Ilisema chanzo cha ajali ni kona, na kwamba kona hiyo ilichorwa enzi za mkoloni bila kumshirikisha mwananchi. Ikapendekeza kibao cha onyo. Ikalipongeza tairi jipya kwa kutopasuka. Ikampongeza dereva kwa kuokoa vitambaa vya sherehe, vitatu kati ya vinne vikiwa safi.

Wiki ile ile nikathibitishwa kazini.

Nilivaa shati jeupe. Nikaenda kwa Mzee Hamisi na barua yangu kwenye bahasha, mhuri umekolea, saini imekaa. Kibarazani mashine ilikuwa imefunikwa gunia. Mwanaidi alikuwa ndani, nilimsikia anasogeza masufuria.

Mzee akaisoma barua yote, polepole, mpaka chini. Akaikunja kwa mkono wa kushoto. Akanirudishia.

"Barua nzuri," akasema. "Na mimi ahadi yangu naikumbuka. Wangekuwa wamemwandikia mtu mwingine ningempa binti leo hii."

Nikamwambia mzee, nisamehe.

"Nilishakusamehe siku ile ile, palepale kichuguuni, uliposema ulijua. Nikajua huyu kijana kakosea lakini ni mtu." Akaitazama mashine chini ya gunia. "Halafu nikakusikia kwenye kamati. Mwanangu, wao hawakuwepo. Mimi nilikuwemo ndani ya gari."

Masufuria ndani yalikuwa yamenyamaza.

Nikainuka, nikaaga, akaitikia vizuri tu. Mwanaidi aliolewa mwaka uliofuata na karani wa reli, wakahamia Kigoma. Mimi nilioa baadaye, mke wangu ni mwema, watoto tunao. Kazi ile niliyothibitishwa nimeifanya mpaka nimestaafu, na kila mwaka walinisifu.

Sasa fundisho, maana naona mmeanza kuandika "mzee fupisha".

Kijana wa jana, usichanganye. Nne za aina moja. Ukishindwa, basi ziwe mbili mbili kwa ekseli moja, na zenye afya zaidi zikae nyuma. Mdomo ukigoma kona utapunguza mwendo. Mkia ukitangulia, hakuna cha kupunguza.

Na hili la pili si la magari. Nimesikia wengi wa rika langu wakilaumu kamati za wakati ule, na mimi nimewachekesha hapa kwa kamati hizo hizo. Lakini kwenye kikao kile watu wote hawakujua, walidhani tairi ni tairi. Mimi peke yangu nilijua, na mkono wangu ulitangulia.

Uwanja ni wenu. Maswali ya matairi nitajibu yote. Na kama yupo aliyewahi kuunga mkono hoja akijua inamkata mtu vidole, aandike naye, nisibaki peke yangu kwenye uzi huu.