Nilimpakia Gelasius kwenye Ndege ya Injinia

Mwanaume wa miaka hamsini na kitu alinililia mgongoni tukiwa spidi mia na thelathini.

Alikuwa amenibana kiunoni, anamwita mama yake, na mimi ndani ya kofia nilikuwa nacheka. Siyo kicheko cha raha. Ni kile cha mtu aliyesubiri miaka mitatu.

Msinihukumu mapema. Someni mpaka mwisho ndiyo mnihukumu, na mimi nitawasaidia.

Naitwa Laurence. Ni fundi pikipiki hapa Ilembo, Mpanda, na ndiyo, ni mwanamke. Wateja wapya wananikuta nimeshika spana halafu wananiuliza fundi yuko wapi. Nawajibu katoka kidogo, naendelea kufungua injini yao.

Kilichonipa jina mjini ni kuchomelea. Chesisi ya pikipiki, ule uti wa mgongo wake, ikikatika, mafundi wengi wanakuunganishia inabaki na nundu. Mimi nachomelea, nakata na grinda, napiga msasa, napuliza rangi. Nikimaliza nakwambia, "Tafuta kovu hapo. Ukiliona, kazi bure."

Hakuna aliyewahi kuliona, na mimi kwa sifa bwana, mnanijua.

Sasa tuje kwa Gelasius.

Huyu mzee anauza pikipiki za mkononi, zilizokwisha kutumika. Ana duka, ana kitambi, ana maneno matamu. Miaka mitatu na ushei iliyopita alimuuzia mdogo wangu Venant pikipiki nyekundu ya bodaboda. Venant ndiye alikuwa anamlisha mama yetu kule Kasokola.

Kabla ya kuichukua aliniletea niikague.

"Dada, angalia vizuri, huyu mzee simwamini."

Niliangalia injini, breki, beringi za matairi. Nikapitisha mkono kwenye shingo ya chesisi, pale inaposhika usukani. Laini kabisa, kama imetoka kiwandani. Nikamwambia mdogo wangu chukua, chombo kizima.

Miezi minne baadaye, kwenye mteremko wa njia ya Sibwesa, amebeba gunia la mpunga, shingo ilikatika vipande viwili. Venant hakufika hata hospitali.

Gelasius alikuja msibani. Alikula wali wetu, akafuta mdomo, akasema, "Vijana wa siku hizi wanakimbiza sana."

Nilitamani nimmwagie sufuria la maharage ya moto. Nilijizuia kwa sababu ya mama tu.

Baada ya mazishi nilienda kuiona ile pikipiki. Pale ilipokatikia, ndani ya chuma, niliona wazi kwamba iliwahi kuunganishwa zamani. Aliyeunganisha alikuwa fundi kweli, maana alificha mpaka mimi nikapita juu yake na vidole vyangu.

Nilimfuata Gelasius dukani.

"Mzee, uliuza pikipiki iliyoungwa shingo."

"Binti, mimi niliinunua hivyo hivyo. Hata wewe si uliikagua?"

Nilienda kutoa taarifa polisi, nikaambiwa nilete ushahidi. Ushahidi gani, na wa nani?

Toka siku hiyo mama aliongeza sala yake. Kila jioni anamwombea Venant, halafu anamalizia, "Na mkono uliochomelea chuma kile, Mungu, ukauke." Kila nikienda Kasokola nasali naye. Naitikia amina, tena kwa sauti.

Miaka ikaenda, na mimi nikaendelea kumsubiri Gelasius.

Mwaka huu injinia mmoja wa barabara, Kasimu, alihamishwa. Aliniachia pikipiki yake kubwa niitunze na nimuuzie. Jamani, siyo pikipiki hizi zetu. Injini ya cc elfu moja na mia mbili, kioo cha upepo mbele, mabegi magumu mawili pembeni, siti ya abiria pana. Unatoka nayo Mpanda asubuhi unaweza kula chakula cha mchana Tabora. Mtaa mzima wakaiita Ndege.

Niliitunza hasa. Kila Jumamosi naiwasha ipate joto, nachaji betri, nasafisha cheni na kuipaka oili. Nilibadilisha pedi za breki na maji yake, nikafunga matairi mapya. Kwenye karatasi nikaandika kila kitu, mpaka mkwaruzo wa begi la kushoto. Injinia aliniambia, "Laurence, mnunuzi aambiwe ukweli wote."

Na nani akaja kuitaka? Gelasius.

Binti yake Queen alikuwa anaolewa, na baba mtu alitaka aongoze msafara wa harusi akiwa juu ya Ndege. Alikuja amevaa miwani ya jua, anazunguka pikipiki anaipapasa.

"Fundi, hii chuma ni yangu. Ila nipakie kwanza, niisikie ikiwa mwendoni. Mimi nikae nyuma."

Yaani mwenyewe anaomba kupanda.

Niseme ukweli, nilishawahi kuwaza kumlegezea breki. Niliacha. Pikipiki si yangu, na halafu angekufa bila kujua anakufa kwa nini. Mimi nilitaka ajue.

Ndege ina kofia mbili zenye spika na maiki ndani. Mnaunganisha na simu zenu, mnapigiana, mnaongea mkiwa mwendoni. Nikamvalisha, nikampigia, akapokea anacheka. Simu yangu inarekodi yenyewe kila maongezi. Hilo sikumwambia.

Tukashika lami ya kwenda Tabora, saa nne asubuhi, barabara nyeupe, haina gari. Themanini. Mia.

"Weee fundi! Hii ni raha!"

"Mzee Gelasius, kuna kitu sijakwambia."

"Sema mama."

"Hii pikipiki imeungwa shingo. Hapa hapa kwenye usukani. Kama ile ya Venant."

Uongo mtupu. Ndege ilikuwa nzima kuliko mimi na yeye.

"Acha utani, Laurence. Simamisha."

"Nikishika breki inakatika." Nikaongeza mafuta. Mia na ishirini. "Niambie, ile ya Venant ulijua au hukujua?"

"Sikujua! Haki ya Mungu!"

Mia na thelathini. Nikatikisa usukani kidogo tu, Ndege ikacheza.

Hapo ndipo alipoanza kumwita mama yake.

"Nilijua! Nilijua Laurence, ilikatika nikaiunganisha, nisamehe, nina watoto!"

"Venant alikuwa mtoto wa nani? Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia asingeinunua!"

Nikacheka. Miaka mitatu nilikuwa naitafuta sentensi hiyo. Sasa ilibaki moja, maana nilitaka wote wawili, muuzaji na fundi wake.

"Na fundi aliyechomelea ni nani?"

Akazidi kunibana kiunoni.

"Nani, Gelasius!"

"Si wewe!"

"Nini?"

"Si wewe mwenyewe! Nilimtuma kijana wangu wa dukani, Maiko, akuletee chesisi tupu, nyeusi, haina tenki wala injini. Ukaiunganisha. Ukamwambia tafuta kovu hapo, ukiliona kazi bure. Laurence, ni mkono wako!"

Sijui niliachia mafuta saa ngapi. Najua tu Ndege ilipungua mwendo taratibu mpaka ikasimama yenyewe pembeni mwa lami.

Gelasius alishuka akatapika kwenye majani. Halafu akaanza kutembea kurudi mjini na kofia ya Ndege kichwani, hajui hata kama ameivaa.

Nilimkumbuka Maiko. Niliikumbuka na ile chesisi. Sikuuliza ni ya nani, wala inaenda kubeba nini. Niliipiga msasa mpaka nikajipongeza, halafu nikaenda kuoga. Na mdogo wangu aliponiletea ikiwa imepakwa rangi nyekundu, nilipitisha mkono juu ya kazi yangu mwenyewe nikasema chombo kizima.

Jioni ile nilikuwa na rekodi kwenye simu. Kukata sekunde ishirini za mwisho ni kazi ndogo. Gelasius angebaki peke yake kwenye moto, na mimi ningebaki dada wa marehemu.

Nisiwadanganye, nilishika simu nikafika mpaka pale pa kukata.

Kesho yake nilienda Kasokola. Nikamkalisha mama, nikamwekea rekodi yote, bila kukata.

Ilipofika "ni mkono wako", mama alishtuka. "Mana yanje," akasema, Mungu wangu, kwa Kirundi chake cha nyumbani. Halafu akanigeukia.

"Nipe mkono."

Nilijua ananipiga. Hakunipiga. Alikishika kiganja changu cha kulia, akakigeuza, akayaangalia makovu ya cheche.

"Laurence, kumbe miaka mitatu nilikuwa nakuombea wewe."

Hakuniachia mpaka giza lilipoingia. Na jioni hiyo hatukusali.

Rekodi niliipeleka polisi nikaandika maelezo kwamba aliyechomelea ni mimi, na jina langu liko juu ya la Gelasius. Kesi inaendelea. Harusi ya Queen ilipita, baba yake hakuongoza msafara. Ndege aliinunua mwalimu mmoja, akasoma ile karatasi mpaka mkwaruzo wa begi.

Mtauliza kama nimemsamehe Gelasius. Hapana. Nikimwona mahakamani bado natamani lile sufuria la maharage. Ila sasa nikimtazama najiona na mimi nimekaa pembeni yake.

Funzo langu ni hili. Ukitafuta aliyekuumiza, tafuta mpaka mwisho, hata kama njia inarudi nyumbani kwako.

Bado nachomelea. Msasa niliutupa. Chesisi nikiiunga naacha nundu kubwa, naipaka rangi nyeupe, na mteja akilalamika kwamba inaharibu sura ya pikipiki namwambia aende kwa fundi mwingine.