Ninja wa Kasimu na Harusi ya Pangani

Elfu hamsini na nne. Ndizo zilizonitoka ili kuonyesha, sebuleni kwangu hapa Bagamoyo, siku ya Idi pili, sinema moja ya ninja ambayo zamani tuliiona kwa shilingi ishirini. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Nauli ya mtu mmoja kutoka Mkange, kuja na kurudi, elfu kumi na sita. Ujira wake elfu ishirini. Spika ya kuazima elfu kumi. Flashi mpya elfu nane, maana ya zamani mpwa wangu aliijaza nyimbo. Pilau siihesabu. Ilikuwa Idi, ingepikwa tu.

Sikutoa hela hiyo kwa kupenda ninja, ingawa nawapenda. Niliitoa kwa ajili ya kaka yangu Shabani. Tulikuwa na miaka minne hatuzungumzi, tangu tulipogawana shamba la marehemu baba kule Kerege. Minazi miwili ilisimama mpakani, yeye akasema yake, mimi nikasema yangu. Na nazi zake zenyewe ndogo. Tukikutana msibani, kila mmoja anapata ghafla jambo la kumwambia mtu wa upande mwingine. Mashehe wamejaribu, shangazi zetu wamejaribu. Mimi nikajisemea, labda tulioshindwa kupatanishwa na watu wazima tutapatanishwa na ninja.

Ninyi mliozaliwa kabla simu haijahamia mfukoni mtanielewa. Banda letu la video lilikuwa nyuma ya soko, kuta za mabati, paa la makuti, mabenchi ya magogo ya mnazi yaliyoacha alama mapajani hadi kesho yake. Ndani kulinukia moshi wa jenereta, jasho na mihogo ya kukaanga. Mbele kabisa kulikuwa na televisheni ya chogo, ndogo kuliko sinia la mama la wali, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kiingilio kilikuwa shilingi ishirini kwa kichwa, na hapo ndipo nilipojifunza biashara. Nikikaa juu ya magoti ya Shabani tulihesabiwa mtu mmoja. Mwenye banda aliguna, nikamwambia, "Mzee, wewe unauza nafasi ya kukaa. Mimi sijakaa kwenye benchi lako." Akacheka, tukapita. Magoti ya kaka yangu ndiyo kiti changu cha kwanza cha sinema, na yalikuwa yamejaa mifupa.

Tuseme ukweli, zile filamu zilikuwa mbovu. Ninja mwekundu kama nyanya amejificha kwenye majani mabichi, na jeshi zima linapita bila kumwona. Ninja wa karne za kale amevaa saa mkononi. Anarushwa juu ya paa na kamba inaonekana, nene kama ya kufungia ng'ombe. Upanga unalia kabla haujagusa kitu. Mtu anakufa mwanzoni, katikati tunamwona anakimbia msituni, mzima wa afya. Waliotengeneza hawakuwa na hela, na sisi tusio na hela tuliwaelewa kabisa. Tuliwapenda kama unavyompenda jamaa yako anayeimba vibaya harusini lakini anaimba kwa moyo wote.

Ila siri ya banda letu ilikuwa Kasimu. Kasimu alikuwa mtafsiri. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akatafsiri filamu nzima kwa Kiswahili. Kiingereza alikuwa na maneno mawili, na Kichina hakuwa hata na hayo. Haikumzuia. Ninja wawili wakiinamiana kabla ya vita, Kasimu anasema kwa sauti ya kijana, "Shikamoo baba mdogo." Kisha kwa sauti nzito, "Marahaba mwanangu, habari za huko?" "Huko kwema. Nimekuja kukuua." "Haya, karibu."

Kwa Kasimu, ninja wote walikuwa ndugu na ugomvi wote ulikuwa wa mirathi. Yule aliyekufa akafufuka? "Huyu mdogo wake, wamefanana." Yule mwekundu asiyeonekana? "Wanamwona, wanamstahi tu, ni mkwe wao." Adhana ya alasiri ikianza, sauti ilizimwa na Kasimu alinyamaza, lakini mkanda haukusimamishwa kwa sababu deki ilikuwa na tabia ya kuutafuna. Basi ninja waliuana kimya kimya, kwa adabu, hadi mwadhini amalize. Kisha Kasimu alishika maikrofoni na kutupa muhtasari: "Waliokufa ni watatu, na yule mrefu kakimbilia Chalinze."

Tukitoka pale mji haukukalika. Fulana ilivuliwa ikafungwa kichwani, mikono yake ikafungwa kisogoni, macho tu nje. Nyota za kurusha tulikata kwenye makopo ya samli. Upongoo, ule uti mgumu wa kuti la mnazi, ulikuwa upanga. Mama alitusimamia mlangoni: "Nyie ninja, mitungi imejaa?" Haikujaa. Shabani yeye hakuridhika na fulana, akachukua buibui la bibi. Bibi akataka kwenda maulidini, akapekua sanduku, hana buibui. Kutoka nje analiona linaruka ukuta wa jirani. "Yarabi, buibui langu lina miguu!" Alimkimbiza Shabani hadi karibu na forodhani, na siku hiyo tulijua nani hasa ninja katika nyumba yetu. Chuoni napo ustadhi hakuuliza nani alikuwa bandani. Alitazama magoti, aliyemwona ana vidonda akamwita mbele.

Mkanda mkubwa kuliko yote ulikuwa wa ndugu wawili. Walilelewa pamoja, wakagombana, na mwisho wakakutana mvuani na panga zao. Tulikuwa tumeshikana mikono benchi zima. Panga zikainuliwa, picha ikakatika, na mara tukaona wanawake wanacheza, sinia la halua na bibi harusi mwenye hina. Kuna mtu alikuwa amerekodi harusi ya Pangani juu ya mwisho wa filamu. Kasimu hakusita hata pumzi moja. "Wamepatana," akasema. "Na hii ndiyo harusi ya yule mdogo." Banda likalipuka kwa vigelegele. Shabani akauliza kwa sauti, "Bibi harusi binti wa nani?" Kasimu akajibu, "Wa Pangani, watu wazuri." Miaka mingi niliamini kwamba ninja wakitaka kuoa huenda Pangani.

Basi mpwa wangu Rajabu aliponionyesha kwamba filamu ile ile ipo mtandaoni, nikapata wazo. Kasimu yupo hai, analima Mkange. Nikampigia simu.

"Elfu thelathini," akasema.

"Kumi na tano, Mzee Kasimu. Na pilau."

"Mudi, wewe ulikaa magotini hulipi. Ishirini na pilau, na kahawa yenye tangawizi, koo limezeeka."

Nikakubali. Habari nikampitishia Shabani kupitia mkewe: Kasimu anakuja. Nilijua kwa jina langu asingekuja, kwa jina la Kasimu angefikiri.

Alikuja. Aliingia na kanzu yake, akasema, "Asalam alaykum nyote," kwa sauti ya jumla jumla, ili asilazimike kumsalimia mtu mmoja mmoja. Akakaa kiti cha karibu na mlango, viatu vikiwa vinamsubiri. Madirisha tuliyafunika kanga tupate giza la banda. Watoto wamejaa kwenye mkeka, Rajabu anasema, "Mjomba, hii muvi ya kizushi, kamba ile pale!" Watoto wa sasa wanatazama filamu kama wakaguzi. Kasimu akakohoa, akanywa kahawa, akaanza: "Shikamoo baba mdogo." Nikamwangalia Shabani kwa pembeni. Mdomo wake ulikuwa umeanza kutikisika.

Sasa tazama kosa. Mimi ninayehesabu chenji mara mbili mbele ya muuzaji, sikuitazama ile filamu hadi mwisho. Ya mtandaoni ilikuwa kamili. Ikaja mvua, wakaja ndugu wawili, panga zikainuliwa, na picha haikukatika. Panga zikashuka. Mmoja akaanguka, mwenzake akasimama juu yake. Nilihisi elfu hamsini na nne zinanitoka kwa mara ya pili, na kaka yangu nyuma yake. Shabani alikuwa ameinama anatafuta kiatu.

"Kateleza," akasema Kasimu. "Mvua hii."

Kwenye skrini yule ndugu akachukua kitambaa, akamfunika aliyelala.

"Anamfunika asipate baridi."

"Babu, kafa huyo!" Rajabu akapiga kelele. "Huoni damu?"

"Ile juisi ya rozela, alikuwa anampelekea nduguye. Wewe Kichina umesomea wapi?"

Kiatu kikabaki mkononi mwa Shabani. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha tumboni ambacho nilikuwa sijakisikia miaka minne, hadi machozi yakamtoka. "Kasimu," akasema, "na harusi iko wapi?"

"Bado wanachanga."

Hapo na mimi nikashindwa. Tulicheka wawili, kila mmoja kwenye kona yake, watoto wakitutazama kama wagonjwa. Wakati wa kuondoka, maneno aliyoniambia Shabani yalikuwa machache, akiwa mlangoni amegeuka nusu: "Mudi. Jumamosi nakuja na wanangu. Tafuta nyingine." Minazi hakuitaja. Mimi pia sikuitaja.

Nikikaa napima. Leo kila mtoto ana banda lake kiganjani, picha safi, kamba hazionekani, na kila mmoja anacheka peke yake na masikio yameziba. Sisi tulikuwa na televisheni moja mbovu, filamu mbovu na tafsiri ya uongo mtupu, lakini tulitoka pale wote tukiwa tumeona kitu kimoja. Sijui nani kapata faida katika biashara hii. Nikipiga hesabu, kila nikirudia inakuja ileile.

Ila nina shida, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kasimu amerudi Mkange. Nimempigia, anasema ufuta umekomaa, haji hata kwa laki, na safari hii sikuweza kumshusha. Nimejaribu kutafsiri mwenyewe mbele ya Rajabu, kaniambia, "Mjomba, unasoma taarifa ya habari." Nimeitazama filamu nyingine bila tafsiri, nikaona watu wazima waliovaa nguo za kulalia wanapigana fimbo. Mke wangu anasema niachane na ninja, nimwambie kaka ukweli, aje tukae tuzungumze habari ya Kerege.

Nawauliza ninyi mliokaa kwenye mabenchi kama yale, na wenye ndugu kama wangu. Nimwambie Shabani kwamba Jumamosi hakuna sinema, aje tu tunywe kahawa? Au akisikia hakuna sinema, hatakuja?