Bakuli la Buluu

Mzee Kificho wa Wambaa alikuwa na mabakuli matatu ya watu ndani ya nyumba yake, na hayo ndiyo yaliyomfanya alale na njaa.

Mkewe, Bi Mwanapili, alikuwa amefariki na hata arobaini yake haijafika. Mtoto hawakujaaliwa. Matanga yalipokwisha watu wakarudi makwao, ila majirani hawakumwacha. Jioni huyu huleta wali, yule huleta muhogo wa nazi. Asma, wa nyumba ya pili, ndiye aliyeleta zaidi, kwa bakuli lake la buluu lenye maua ukingoni.

Mzee alikula, akayaosha mabakuli, akayaanika. Kisha akayatazama.

Kwao bakuli lililokuja na chakula halirudi kwa mwenyewe tupu. Kulijaza ilikuwa kazi ya Mwanapili. Alitia vitumbua, au ndimu, au konzi ya chumvi. Mwaka ule Kificho alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu akavunjika mguu, ndani hamkuwa na kitu. Mwanapili alitoka uani akachuma asumini zake, akajaza bakuli la watu.

"Leo majirani wale maua?" Kificho alimtania kitandani.

"Watatia kwenye nywele. Tupu haliendi."

Sasa Kificho hakujua kupika hata uji. Akaona haya. Asma alipokuja tena na bakuli jingine, alimjibu mlangoni, "Nimeshakula, mwanangu." Kesho yake hivyo hivyo, na majirani wengine vilevile. Akashindia kahawa na kipande cha muhogo wa kuchoma. Asma alirudi na chakula chake, hajui amekosa nini.

Siku ya pensheni ya wazee ikafika. Masoud, rafiki yake tangu walipokuwa wakichuma karafuu pamoja, alimpitia waende skuli, ndiko wanakolipwa.

"Yakhe, umekonda! Kanzu ndiyo iliyokuvaa wewe. Asma hakuletei chakula?"

"Analeta. Mimi ndiye sipokei."

"Kisa?"

"Mabakuli yao ninayo. Sina cha kutia."

Masoud alicheka mpaka akasimama njiani. "Na hii ya serikali unayoifuata? Umeirudishia nini serikali? Hata kitumbua kimoja!"

"Karafuu nimechuma tangu sijaota ndevu. Mguu huu niliuacha huko. Ile ni haki yangu, naipokea kichwa juu. Ya Asma ni hisani. Watoto wake wenyewe hawajashiba."

"Haki, sawa. Lakini serikali haijapata kukugongea mlango ikakuuliza umelalaje. Asma anakuuliza kila siku, nawe unamfungia."

Kificho alitazama upande wa kushoto, alipozoea kutembea Mwanapili. Walikuwa wakenda pamoja kila mwezi, naye akimwambia apunguze mwendo, kama kwamba mwenye mguu mbovu ni yeye.

Skuli walikaa kwenye madawati ya watoto. Mlipaji alikuwa binti mmoja, Rahma, anayewajua wote. Kificho akaitwa, akatia dole gumba, akapokea.

"Na Bi Mwanapili, babu? Leo hakuja? Naye zamu yake hii."

Masoud akainamisha kichwa. Tangu siku ya msiba wengine ndio waliosema. Imamu kasema, majirani wamesema. Kificho mwenyewe hajapata kulitamka neno hilo.

"Mwanapili kafariki," alisema.

Rahma aliweka kalamu chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Allah amrehemu." Akamtazama mzee, akaitazama ile kanzu. "Babu, sasa nani anakupikia?"

"Jirani," alisema Kificho. Na alipokwisha kusema, uso ukamwaka moto, maana haikuwa kweli.

Njiani akamgusa Masoud bega.

"Ulisikia lakini? Serikali imeniuliza."

"Ile si serikali, yakhe. Ni mtoto wa watu ana adabu."

"Lakini aliyemweka pale ni nani?"

"Haya, umeshinda. Ukamjibu uongo."

"Ndiyo maana napita dukani."

Alinunua sukari. Nyumbani aliiweka kwenye bakuli la buluu, bado ndani ya mfuko wake. Alitazama, akaona kama haitoshi. Akatoka uani. Asumini za Mwanapili zilikuwa zimechanua bila ya mtu wa kuzichuma, nyingine zimeanguka chini. Alichuma polepole, kwa vidole vilivyozoea vikonyo vya karafuu, akazimwaga juu ya mfuko mpaka usionekane.

Asma alikuwa jikoni, uani kwake.

"Hodi."

"Karibu... Ami Kificho! Shikamoo."

"Marahaba. Bakuli lako."

Asma alilipokea kwa mikono miwili. "Mimi nilidhani umeninunia, ami. Nimekaa najiuliza, nilitia chumvi nyingi?"

"Hata. Chakula chako kizuri. Sikuwa na cha kutia."

"Ami jamani! Nani kakudai?"

"Mwanapili."

Asma akacheka. Kisha akainamia bakuli, ile harufu ikamfika. Harufu ile alikuwa nayo Mwanapili kila alipokuja hapo uani. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akazimwaga asumini kwenye kawa ya kufunikia chakula, akaitoa sukari, akasuuza bakuli. Akapakua wali, akaweka na kipande cha samaki changu juu.

Alimnyooshea. Kisha akalirudisha nyuma kidogo, macho bado yana maji, mdomo unacheka.

"Au umeshakula?"

Mzee Kificho akatoa mikono yote miwili.

"Sijala, mwanangu."